Maji Yalipanda, Gari Likasimama

Kosa langu la mapema kabisa lilikuwa kulipima gari jipya kwa kipimo cha gari la zamani. Nalitaja hapa mwanzoni kwa sababu nina tabia ya kuficha makosa yangu hadi nipate namna ya kuyaeleza yakapendeza, na hili sijalipatia namna hiyo mpaka leo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifanya kazi kwenye stoo ya kiwanda kimoja huko Mavoko, na kila asubuhi niliteremka kutoka nyumbani kwetu, milimani juu ya mji wa Machakos, nikapita Kyumbi, nikashika barabara ya Mombasa. Jioni nikarudi njia ile ile. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba alikuwa ameaga miaka sita kabla ya hapo, akatuachia shamba la matuta, miparachichi na gari lake, stesheni wagoni nyeupe yenye injini ndogo.

Kila ninachojua kuhusu magari nilijifundisha kwenye gari lile, nikiwa na kitabu cha mitumba kilichokosa kurasa za mwisho. Sikumwachia fundi yeyote alishike. Watu walidhani ni kiburi, au kwamba nawaona mafundi wa mjini hawajui kazi. Ukweli ni kwamba fundi angefungua boneti akaona mahali nilipokosea. Nilikuwa mtu wa kukaza nati, nikailegeza ili nihakikishe niliikaza, kisha nikaikaza tena. Kuna siku nilirudi nyumbani kutoka Kyumbi, nikachelewa kazini, kwa sababu sikukumbuka kama nilifunga kizibo cha oili. Kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa kimefungwa kila mara.

Mama hakupanda gari lingine lolote. Baba alifia kwenye gari la mtu, akiwa abiria, siku ambayo lake lilikuwa juu ya mawe likisubiri gia. Baada ya mazishi mama alisema hataingia tena kwenye gari asilolijua, na hakuingia. Kanisani alienda kwa miguu. Harusi za Tala na Kangundo alizikosa, isipokuwa nikimpeleka mimi.

Mwaka ninaousimulia, jicho lake la kulia lilikuwa limefungwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilianza kuingia ukungu. Alikuwa akitia chumvi kwenye chai. Tulingoja miezi mingi kupata nafasi ya upasuaji kwenye hospitali moja ya misheni, mbali, upande wa pili wa Nairobi. Hatimaye tukapewa siku: Alhamisi. Daktari alisema tukiikosa, atapewa mwingine, nasi tutarudi mwisho wa mstari, na jicho halitangoja mstari.

Wiki nne kabla ya Alhamisi hiyo, niliuza gari la baba.

Mama nilimwambia ni kwa ajili ya safari, kwamba lile la zamani limechoka, lisije likatuacha njiani. Huo ulikuwa uongo. Lile la zamani halikuwahi kutuacha popote. Nilitaka gari lenye kasi tangu nikiwa shule ya msingi, nilipokuwa nikisimama kando ya barabara kutazama magari ya mashindano yakipita na vumbi lao. Basi nikamuuzia la baba mfanyabiashara mmoja wa Tala, nikaleta lingine, lililoshuka melini Mombasa kutoka Japani: la buluu, injini ya tabo, yenye kipulizio cha kuiongezea nguvu, na tundu kubwa juu ya boneti kama pua ya mnyama anayenusa.

Nilinunua pia daftari. Upande wa kushoto niliandika la zamani, upande wa kulia jipya. La zamani lilipanda kilima cha kwetu kwa gia ya pili, likinung'unika, nami nikinung'unika pamoja nalo. Jipya lilikipanda kwa gia ya nne bila kusema neno. Mlango wa zamani ulijifunga kwa mlio wa kifuniko cha sufuria. Mlango mpya ulijifunga taratibu, kama mtu anayefumba mdomo kabla hajakwambia jambo. La zamani lilitetemeka kwenye usukani likifika kasi ya tisini, ukajua umefika tisini. Jipya halikunijulisha chochote. Nilitazama kipimo siku moja karibu na mchepuko wa Konza nikakuta nimepita mia na hamsini, na sikujua mia niliiacha wapi.

Wauza matunda wa Kyumbi walinipa jina.

"Wee, rubani! Teremka huku chini kwa watu, ununue maembe!"

Nilicheka nao. Sikuwaambia kwamba nikiwa ndani ya gari lile nilihisi kuna mtu mwingine anayeendesha, mimi nikiwa nimeruhusiwa kushika usukani tu.

Mambo matatu yalinitia wasiwasi tangu wiki ya kwanza. La kwanza ni kwamba gari halikuzimika nilipolizima. Lilikuwa na kidude cha kupozea tabo kilichoacha injini ikiunguruma dakika moja baada ya ufunguo kutoka. Nilikijua, nilikielewa, lakini kusimama uani na ufunguo mkononi huku gari tupu likiendelea kupumua ni jambo jingine. Mama alitoka jikoni siku ya kwanza akaligeuzia jicho lake lenye nafuu.

"Umetoa ufunguo?"

"Nimetoa, Mwaitu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba.

"Na nani huyo anaunguruma?"

"Ni gari. Inajipoza. Itajizima yenyewe."

"Baba yako akizima kitu, kilikuwa kinazimika."

La pili ni yule mwanamke. Kila nilipowasha gari, sauti ya kike ilitoka chini ya dashibodi, laini, yenye adabu nyingi, ikasema sentensi moja ya Kijapani, kisha kimya. Mwenzangu wa kazini aliyewahi kufanya kazi bandarini aliniambia ni kisanduku cha kulipia barabara za kwao, na kwamba anasema kadi haimo. Nilijaribu kukitoa, nikaogopa kukata waya nisioujua. Mama alipoisikia mara ya kwanza, aliitika kama anavyomwitikia yeyote anayemsalimu.

"Ni museo," akasema: mimi ni mzima. Kisha akanigeukia. "Anasema nini?"

"Ati kadi haimo."

"Kadi gani?"

"Ya huko kwao."

"Kwa hivyo yeye bado anafikiri yuko kwao. Pole yake."

Tangu hapo kila nilipowasha gari asubuhi, nilimfikiria mwanamke huyo kama mtu aliyeamka mahali asipopajua, akiulizia kitu kile kile.

La tatu lilikuwa harufu. Nikifika nyumbani jioni, kitu kilinukia kuungua. Hafifu, kikavu, kama unywele uliogusa moto. Nilizunguka gari nikinusa kama mbwa. Mama naye aliisikia.

"Kuna kitu kinaungua."

"Ni watu wanachoma mabua kule bondeni."

"Mwezi huu?"

Nilifungua boneti, nikakagua kila bomba, kila waya, nikaandika kwenye daftari: harufu, sababu haijulikani, injini safi. Harufu haikutoka kwenye injini, lakini mimi niliitafuta huko tu kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na maajabu niliyoyanunua.

Sasa lazima nieleze desturi ya nyumba yetu. Kilomita chache kutoka mjini Machakos, kupita Mutituni, kuna kipande cha barabara kinachoitwa Kyamwilu. Ukisimamisha gari pale chini ya mteremko, ukaweka gia huru na kuachilia breki, gari hupanda. Halishuki, hupanda. Maji ukiyamwaga nayo hupanda. Hadithi zake ni nyingi na sitazirudia. Siku hizi nasikia wataalamu wakisema ni macho yetu yanadanganywa na umbo la vilima, na huenda wako sawa. Lakini baba, aliponunua gari lake, alitupeleka pale sote siku ya kwanza kabla hajalifikisha nyumbani. Lilipanda peke yake, injini imezimwa, sisi tukiwa ndani tumeshika pumzi. Baba akasema, "Limekubali." Mama hakuhitaji cheti kingine. Kwake, gari lililokubaliwa Kyamwilu lilikuwa la nyumba. Lingine lilikuwa mgeni.

Jumamosi kabla ya safari, alivaa sweta yake ya kanisani, akachukua fimbo yake na chupa ya maji, akakaa uani kwenye kiti.

"Tupeleke gari yako ikaulizwe," akasema.

"Mwaitu, hii ni injini ya tabo. Inapanda kilima chochote."

"Sijauliza kama inajua kupanda. Nauliza kama itakubali."

Tulifika saa sita mchana. Jua lilikuwa wima, vivuli vimeingia chini ya vitu vyenyewe. Hapakuwa na mtu, jambo lisilo la kawaida, maana pale hapakosi wageni. Nilisimamisha gari mahali pale pale alipokuwa akisimamisha baba, karibu na jiwe lililopakwa chokaa. Nikazima. Injini ikaendelea dakika yake moja, sisi tukiisikiliza. Ilipokoma, kimya kilikuja kwa ghafla hivi kwamba nilisikia chuma kikipoa: tik, tik, nyuma yetu. Nyuma, si mbele. Nalikumbuka hilo sasa. Siku ile sikujiuliza.

Nikaweka gia huru. Nikateremsha handbreki. Nikaondoa mguu.

Gari halikusogea.

Nikangoja. Nikajisukuma mbele kitini, kama mtoto anayechochea punda. Hakuna. Mama alifungua mlango wake, akatoka polepole akipapasa, akazunguka nyuma hadi upande wangu, akainama, akamwaga maji ya chupa kwenye lami karibu na gurudumu la nyuma. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Maji yalijikusanya, yakafikiria, kisha yakaanza kupanda. Yalipita kando ya gurudumu, yakapita chini ya mlango wangu, mstari mwembamba mweusi ukitambaa juu ya lami kuelekea kilele, ukatuacha hapo.

Ndipo yule mwanamke akasema sentensi yake.

Ufunguo sikuwa nimeugusa. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti.

Mama alisimama dirishani. Safari hii hakumwitikia.

"Maji yamekubali," akasema. "Gari yako imekataa."

"Labda barabara imewekwa lami upya, labda..."

"Alhamisi siendi."

"Mwaitu, jicho."

"Jicho ni langu. Baba yako aliingia gari ambayo hakuijua, kwa sababu alikuwa na haraka. Mimi sina haraka."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Nilimfuata kwa gia ya kwanza njia nzima, dirisha likiwa wazi, nikimsihi kama mpiga debe wa stendi, naye akitembea ukingoni akihesabu njia kwa fimbo. Watu walitutazama. Mzee mmoja aliniuliza kwa sauti kama huyo mama nimemkosea nini. Nilimwambia hakuna, na hata mimi niliamini.

Jumapili mama alienda kanisani. Mimi sikwenda, nami sikuwa mtu wa kukosa kanisa. Nilibaki uani peke yangu na gari lile. Niliogopa kuliwasha. Nilijiambia kwamba kisanduku kina betri yake, kwamba joto la mchana limekichanganya, na bado nilitembea kando ya gari kwa upande mmoja tu, ule usio na kisanduku.

Nilitafuta kwenye injini hadi jua likapanda. Kisha nikakumbuka ule mlio wa chuma kikipoa, tik, tik, nyuma.

Nikapiga jeki upande wa nyuma. Handbreki ilikuwa chini, gia huru. Nikashika gurudumu kwa mikono miwili nikalizungusha. Lilienda robo ya mzunguko likasimama, kama mtu aliye upande wa pili amelishika. Nikalizungusha tena, akalishika tena. Nilichungulia chini ya gari, kwa kweli nilichungulia, mtu mzima, Jumapili asubuhi, kuona kama kuna mkono.

Nilipotoa gurudumu niliona diski. Ilikuwa imegeuka rangi, zambarau na buluu, kama bawa la nzi mkubwa. Pedi za breki zilikuwa zimeungua hadi kumeguka kwa kucha. Upande wa pili ulikuwa vivyo hivyo.

Handbreki ya baba ilishika kwenye mlio wa tatu. Hiyo ilikuwa sheria yake, kwa sababu kwetu hakuna mahali tambarare pa kuegesha gari: ukivuta, tak, tak, tak, gari lazima lisimame. Wiki ya kwanza nilipolileta gari jipya, nilivuta nikahesabu milio saba. Nikaona ni uzembe wa mwenye gari wa kwanza. Kitabu chake kilikuwa cha Kijapani, sikuweza kukisoma, na sikumuuliza mtu. Niliingia chini na spana nikakaza kebo hadi ikashika kwenye wa tatu, sawasawa kama la baba, nikajisifu, nikaandika kwenye daftari: handbreki, sawa. Kumbe gari lile liliundwa lishike kwenye wa saba. Kwa wa tatu, breki haikuachia kamwe. Wiki tatu nilikuwa nikiendesha gari lililofungwa breki.

Gari la zamani lingenishtaki siku hiyo hiyo. Lingeshindwa kupanda kilima cha kwetu. Hili lilikuwa na nguvu za kutosha kuvuta kosa langu hadi Mavoko na kurudi bila kunung'unika. Kyamwilu, iwe ni mzuka au ni macho yetu, ina nguvu ndogo tu, na nguvu ndogo haiwezi kuficha kitu.

Nilikaa kwenye udongo muda mrefu. Nilikuwa nikihesabu mteremko wa kutoka kwetu hadi mjini, kona baada ya kona, breki zikiwa zimechemka, mama kando yangu na jicho moja.

Jumatatu nilienda kazini kwa matatu, na baada ya kazi nikanunua pedi na diski Nairobi. Jumanne alasiri nilimaliza, handbreki ikishika kwenye wa saba. Na hapa ndipo nakiri lililo baya zaidi. Nilikuwa nimeshaamua kutomwambia. Aliamini gari limekataa. Ningempeleka tena, likubali, safari iendelee, na hakuna mtu duniani ambaye angejua kwamba mwanawe aliyejifundisha mwenyewe nusura amuue.

Nilimbembeleza, akakubali kuja kushuhudia tu, tukaenda mwendo wa pole. Jiwe lile lile. Nikazima, dakika ikapita, nikaachilia. Gari likakaa kidogo. Kisha, bila sauti yoyote, likaanza kupanda. Sijawahi kuzoea jambo hilo. Macho yanakwambia unapanda na mwili unakwambia unateremka, nawe hujui umwamini nani. Tulipanda hadi pale baba alipokuwa akikanyaga breki, nami nikakanyaga.

"Limekubali, Mwaitu," nikasema.

Mama alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili.

"Nini kimebadilika?"

"Hata sijui."

Alinigeukia. Jicho lile jeupe lilinitazama kana kwamba ndilo linaloona.

"Jumamosi ilikataa, leo imekubali, na hujui kwa nini?"

"Sijui. Labda siku ile..."

"Basi Alhamisi inaweza kukataa tena." Akafungua mlango. "Gari yenye kukataa na kukubali bila sababu, hiyo siingii. Afadhali ile iliyokataa. Hiyo angalau nilijua msimamo wake."

Alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Nilitazama mguu ule, kiatu cha raba, vumbi la kwetu kwenye kisigino. Ningeweza kusema uongo mwingine mzuri zaidi, nilikuwa nao tayari: oili ya Japani, hali ya hewa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikaza breki vibaya. Nilidhani ni kama ya baba. Zimekuwa zikiungua wiki tatu. Ndiyo harufu uliyosikia. Nilikudanganya juu ya mabua."

Upepo ulipita kwenye nyasi kando ya barabara, kutoka chini kwenda juu, au kutoka juu kwenda chini, pale huwezi kujua.

"Tungeenda hivyo," akasema mwishowe, "kwenye ule mteremko wa kushuka mjini?"

"Zingeshindwa kushika."

"Na leo?"

"Leo nimeweka mpya. Lakini hakuna aliyeziangalia isipokuwa mimi."

Akarudisha mguu ndani, akafunga mlango.

"Turudi nyumbani. Ulipige jeki."

Uani aliinama kando ya gurudumu lililoinuliwa, akafumba macho yote mawili, akalizungusha kwa kiganja. Lilizunguka, likazunguka, likapungua taratibu, likasimama lenyewe. Akaenda upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Kisha akamwita fundi wa jirani, mtu niliyemkwepa miaka mingi, akamwambia mbele yangu, "Kijana wangu alikosea breki. Angalia kama amekosea tena." Fundi alilala chini ya gari kama dakika kumi. Alipotoka alisema kazi ni safi, ila nati moja nimeikaza kupita kiasi. Nilitamani ardhi inimeze, na ardhi haikunimeza.

Alhamisi tulitoka alfajiri. Nilipowasha gari, mwanamke akasema lake. Mama akamwitikia. Tuliteremka kona zote kwa mwendo wa gari la baba, na jicho lilifunguliwa siku ile.

Kwa nini sauti ilitoka bila ufunguo Jumamosi ile, sijui, nami sijidai kujua. Haijarudia. Kilichobadilika tangu wakati huo ni kwamba sishushi tena gari kutoka kwenye jeki kabla mtu mwingine hajalizungusha gurudumu kwa mkono wake, na nikikosea nasema siku hiyo hiyo.